Kubuni friza ya chakula ya chombo cha angani: anza na boksi, malizia na kompresa

Wanaoanza kazi hii huuliza mambo matatu yale yale. Kwa nini chakula kisifungwe nje ya chombo, wakati anga ni baridi? Kwa nini friji ya dukani isipelekwe kama ilivyo? Na kwa nini tusitumie vigae vya Peltier, ambavyo hupoa upande mmoja umeme ukipita na havina gesi wala kompresa?

Nje hakuna hewa ya kupoza kitu. Joto hutoka kwa mnururisho peke yake, na karibu na Dunia upande unaotazama jua hupokea takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Chakula kitachemka upande mmoja na kuganda upande wa pili, huku maji yake yakitorokea kwenye ombwe. Friji ya dukani, kwa upande wake, inategemea uvutano kwa kazi ambazo hata fundi mzoefu hazitambui: kurudisha oili kwenye kompresa, kutenganisha gesi na kimiminika, kumwaga maji ya jalidi, kuzungusha hewa. Suala la Peltier limo katika hatua ya 4.

Hitaji lenyewe ni la kweli. Skylab ilikuwa na friza za chakula tangu 1973, lakini Kituo cha Kimataifa cha Anga (ISS) kimelisha watu wake kwa miaka mingi kwa vyakula vinavyokaa kwenye joto la kawaida, na mitambo yake ya baridi kali imekuwa hasa kwa ajili ya sampuli za sayansi. Safari ya Mirihi ni ya takriban miaka mitatu, na vitamini C na B1 hupungua katika vyakula vilivyohifadhiwa bila baridi. Mtu aliye mbali namna ile hana soko wala shamba. Akikosa virutubisho, hakuna wa kumpelekea.

Mfano tutakaoutumia ni friza ya lita 60, nyuzi -22 ndani, ikiwa katika kabini yenye nyuzi 24, unyevu wa asilimia 45 na shinikizo la kilopaskali (kPa) 101.

Uwe na haya kabla ya kuchora mstari wowote

- Joto na shinikizo la hewa la kabini. Usidhani ni kilopaskali 101 kila mahali. Skylab ilikuwa na takriban 34, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kwa feni ile ile.
- Aina ya umeme. Mtandao mkuu wa ISS ni volti 120 DC (mkondo wa moja kwa moja), na rafu nyingi za majaribio hutoa volti 28 DC.
- Mahali pa kutupia joto: hewa ya kabini, saketi ya maji, au rejeta (bamba linalomwaga joto angani) yako mwenyewe nje.
- Kilo ngapi za chakula, zinaingia zikiwa zimeganda au la, na mlango utafunguliwa mara ngapi kwa siku.
- Kikomo cha kelele. Kwenye ISS sehemu za kazi hulenga mstari wa NC-50 na sehemu za kulala NC-40 (NC ni kipimo cha kelele; namba ndogo ni ukimya zaidi).
- Kalkuleta, majedwali ya gesi utakayotumia, na karatasi moja ya hesabu ya wati ambayo kila badiliko litapitia.

Hatua ya 1: Amua joto, na usizidishe

Kwa friji, +4. Kwa friza, -18 ndiyo mpaka wa juu, na -22 hukupa nafasi ya kupumua. Wanafunzi wengi huandika -40 "kwa usalama". Usifanye hivyo. Kila nyuzi unayoshuka hulipiwa mara mbili: joto linaloingia huongezeka, na ufanisi wa mtambo hupungua.

Hatua ya 2: Hesabu joto linaloingia, chanzo kwa chanzo

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote.

Chukua boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 × 45 × 33, yaani lita 59. Ukizungushia kihami cha sentimita 5, vipimo vya nje vinakuwa 50 × 55 × 43. Eneo la ndani ni mita za mraba 0.92 na la nje 1.45, tumia wastani wa kijiometri wa 1.16. Tofauti ya joto ni nyuzi 46.

Kuta: kwa povu la poliyurethani (0.024 W/mK, kipimo cha jinsi joto linavyopita kwenye kitu), 0.024 × 1.16 × 46 ÷ 0.05 = takriban wati 26. Kwa paneli za ombwe (vihami vilivyotolewa hewa ndani), hesabu 0.008 badala ya 0.004 iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, kwa sababu joto hupita kwenye kingo na maungio. Unapata wati 8.5. Tofauti hiyo ya wati 17 ni kubwa kuliko kitu chochote utakachookoa baadaye kwa kuchagua kompresa nzuri.

Mpira wa mlango: mzunguko wake ni mita 1.46. Weka 0.08 W kwa kila mita kwa kila nyuzi mpaka utakapopima wako mwenyewe. Jibu ni wati 5.4. Angalia jinsi mpira mwembamba unavyokaribia kuta zote sita. Mpira wa safu mbili wenye lachi za kubana ni uzito unaostahili kubebwa.

Mabomba, nyaya na vishikizo vinavyopenya ukuta: wati 1.5, ukitumia nyaya nyembamba na vishikizo vya plastiki ngumu ya nyuzi za kioo badala ya alumini.

Feni za ndani: wati 2. Umeme wote wa feni iliyo ndani hugeuka joto mle mle.

Kufungua mlango: hewa yote ya lita 60 ikibadilishwa, kuipoza ni kilojuli 3.3, na kugandisha unyevu wake, karibu nusu gramu, ni kilojuli 1.5. Mara kumi kwa siku ni wastani wa wati 0.6. Ni kidogo mno, na angani huwa hata kidogo zaidi, kwa kuwa hewa baridi haina "chini" ya kumwagikia; hutolewa na feni na mikono tu. Zima feni mlango unapofunguka. Na kwa kuwa hewa baridi haimwagiki, hoja ya kwamba friza ya kufunguka juu ni bora haina maana kule. Tatizo la mlango ni jalidi: gramu 5 kwa siku ni gramu 150 kwa mwezi.

Jumla: wati 18. Ongeza nusu yake kama akiba, upate uwezo wa wati 27.

Onyo: hesabu hii inadhani chakula kinaingia kikiwa kimeganda. Kugandisha kilo moja ya chakula chenye maji mengi kutoka nyuzi 24 hadi -22 ni takriban kilojuli 380. Ukitaka ifanyike kwa siku moja, ongeza wati 4.4 kwa kila kilo. Gandisha Duniani.

Hatua ya 3: Chagua pa kutupia joto

Joto la upande wa moto ndilo linaloamua umeme. Kikomo cha Carnot, yaani ufanisi wa juu kabisa unaowezekana, ni joto la upande baridi ukigawa kwa tofauti, vyote kwa Kelvin. Evapureta, yaani upande baridi ambako kimiminika huvukizwa, iwe -30 (243 K).

Ukipoza kondensa (upande wa moto, ambako gesi hurudi kuwa kimiminika) kwa hewa ya kabini, itakaa karibu nyuzi 38: 243 ÷ 68 = 3.6. Ukitumia maji ya nyuzi 17, kama saketi ya joto la wastani ya ISS, kondensa hukaa karibu 27: 243 ÷ 57 = 4.3. Mtambo mdogo mzuri hufikia kama asilimia 30 ya kikomo, hivyo COP (wati za joto zinazoondolewa kwa kila wati ya umeme) ni 1.07 na 1.28. Kwa mzigo wa wati 18, hewa inakula wati 17 na maji wati 14, na feni ya nje yenye kelele inaondoka. Maji yanayohitajika ni machache: kutoa wati 48 za mzigo kamili kwa ongezeko la nyuzi 5 kunataka takriban kilo 8 kwa saa.

Saketi ya nyuzi 4 inavutia, lakini ndiyo inayokausha hewa ya kabini, na mabomba yake yako chini ya kiwango cha umande (karibu nyuzi 11 katika kabini yetu). Bomba lisilofungwa vizuri litavaa maji yasiyodondoka.

Rejeta ya moja kwa moja ndilo chaguo ninalolipenda kwa safari ya mbali. Bamba la nyuzi -30 lenye utoaji wa mnururisho wa 0.85 (1 ndiyo kamili) linatupa takriban wati 168 kwa mita ya mraba, likitazama anga tupu. Kwa wati 27 unahitaji mita za mraba 0.16 kwenye karatasi. Panga mara mbili au tatu ya hapo. Huhitaji kompresa, ila pampu ndogo na kimiminika kisichoganda. Friza za Skylab zilipozwa kwa njia hiyo. Karibu na Dunia kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu Dunia yenyewe hutoa joto na kuakisi jua, na bamba baridi linaloitazama hupokea badala ya kutoa.

Hatua ya 4: Chagua mtambo wa kupoza

*Peltier.* Tofauti ya juu kabisa ya kigae cha tabaka moja ni kama nyuzi 65 hadi 70, na hapo hakibebi joto lolote. Friza yetu, ukijumlisha tofauti kwenye mapezi (mabamba membamba ya kusambaza joto) ya pande zote mbili, inadai karibu 60. Hakuna kinachobaki. Kwa boksi dogo la +4 hali ni nyingine: mzigo ni wati 9, COP ni karibu 0.5, unalipa wati 18, na unapata kifaa kisicho na kitu kinachozunguka isipokuwa feni. Kwa kazi hiyo sina ugomvi nacho.

*Stirling ya pistoni huru.* Pistoni hubana na kutanua heliamu, bila oili, bila kimiminika, hivyo uvutano hauna usemi. COP ni karibu 1 kwa joto letu. Shida yake ni kwamba baridi yote hutokea kwenye ncha ndogo, na kuisambaza kwenye boksi ni kazi ya ziada. Mtetemo nao unahitaji kizuizi.

*Brayton ya gesi.* Hubana gesi kisha kuitanua kwenye turbini ili ipoe. MELFI, friza ya sayansi iliyopelekwa ISS mwaka 2006, hutumia nitrojeni na mashine inayofikia mizunguko 90,000 kwa dakika. Inang'ara kwenye -80. Kwa -22 na wati 27 ni ghali bila sababu.

*Kompresa na gesi ya kuvukizwa.* Ndiyo yenye ufanisi mkubwa kwa joto la chakula, na ndiyo inayohitaji uangalifu. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Purdue, pamoja na kampuni za Air Squared na Whirlpool, waliijaribu kwenye ndege ya parabola (inayopaa na kushuka kwa mkunjo ili kuondoa uzito kwa muda mfupi) kwa kompresa isiyotumia oili. Hatua zinazofuata zinahusu aina hii.

Hatua ya 5: Chagua gesi kwa kufikiria inapovuja

Amonia hairuhusiwi ndani, ingawa iko kwenye saketi za nje za ISS. Isobutani ni nzuri kwa ufanisi, lakini gramu 30 zikivujia ndani ya boksi la lita 60 zinafanya gramu 500 kwa mita ya ujazo, wakati kuwaka huanza karibu gramu 43. Hewa safi ya kabini ikichanganyika nazo mlango ukifunguliwa, zinapita kwenye kiwango cha kulipuka. R134a, gesi nyingine ya friji, haiwaki, lakini mtambo wa kusafisha hewa wenye kichocheo cha moto wa nyuzi 400 huivunja na kutoa asidi, kwa hiyo timu ya hewa ya kabini lazima ikubali kiasi chako kwa maandishi. Kwa mfano wetu tunakwenda na R134a, takriban gramu 40.

Kwenye -30 shinikizo lake ni kPa 84, chini ya hewa ya kabini. Ukiwa na tundu upande wa kunyonya, si gesi inayotoka. Ni hewa na unyevu vinavyoingia, na kapilari (bomba jembamba linaloshusha shinikizo la kimiminika) inaziba kwa barafu. Viungo vyote vilehemiwe kwa fedha, pasiwe na nati ya kukaza hata moja. Vuta ombwe hadi chini ya mikroni 500 (kipimo cha shinikizo la ombwe) na pima uvujaji kwa heliamu. Kumbuka kwamba kupoteza gramu 2 kwa mwaka ni asilimia 15 ya gesi yote baada ya miaka mitatu.

Hatua ya 6: Buni saketi isiyojali juu wala chini

a) Tumia kompresa isiyo na oili. Kwenye friji ya nyumbani oili hurudi kwenye sehemu yake kwa uzito. Angani hutanda kwenye evapureta na kompresa hukauka.

b) Tumia mabomba membamba. Kwa wati 27 mtiririko ni kama gramu 0.19 kwa sekunde. Ndani ya bomba la milimita 3 mvuke hutoka kwenye evapureta kwa karibu mita 6 kwa sekunde, kasi inayosukuma kimiminika mbele popote kilipo. Ukitumia milimita 8 kasi inashuka hadi chini ya mita 1, na matone yanabaki yakielea.

c) Weka joto la ziada (juu ya joto la kuchemkia, ili ubaki mvuke mtupu) la nyuzi 5 hadi 8 mwishoni mwa evapureta, na vali ya kielektroniki badala ya kapilari kama bajeti inaruhusu.

d) Usiwashe na kuzima. Endesha kompresa mfululizo kwa kasi inayobadilika. Ikizimwa, kimiminika huhamia popote, hata mdomoni mwa kompresa, na inapowashwa hupiga pistoni au skrolu (mzingo unaobana gesi). Weka vali inayofunga njia ya kimiminika wakati wa kuzima, na uwashaji wa polepole wa dakika kadhaa.

e) Jaribu kwa kugeuza. Endesha mtambo ukiwa wima, ukilala kila upande, na kichwa chini, saa kadhaa kila mkao. Umeme na uwezo vikibaki ndani ya kosa la vipimo vyako, saketi inaonyesha kutojali uvutano. Ndege ya parabola hukupa kama sekunde 20 tu kila mara. Inatosha kuona kimiminika kinavyokwenda, haitoshi kwa jalidi.

Hatua ya 7: Hewa, jalidi na mlango

Bila uvutano hewa ya moto haipandi. Kifurushi kilicho kwenye kona isiyopata upepo hubaki na joto lake kwa siku nzima. Panga kasi ya mita 0.3 hadi 0.5 kwa sekunde kati ya vifurushi, acha nafasi ya milimita 8 hadi 10, na funga kila kifurushi kwa mkanda au velkro. Kisichofungwa kitanyonywa na kuziba mdomo wa feni, kwa hiyo weka wavu.

Usijaribu kuyeyusha jalidi kwa hita kama nyumbani. Maji hayadondoki. Yanakuwa mpira unaong'ang'ania mapezi, kisha yanaganda kwenye feni. Afadhali upoze kupitia kuta za bamba baridi laini ambazo mwanaanga anafuta kwa kitambaa kikavu mara moja kwa mwezi, na ujaze nafasi zilizoachwa na chakula kilicholiwa kwa mifuko mitupu iliyofungwa ili hewa ya kubadilishwa iwe ndogo.

Onyo kubwa, na wengi hulisahau: hewa ikipoa kutoka 24 hadi -22 ndani ya boksi lisilopitisha hewa, shinikizo hushuka kwa karibu kPa 16. Kwenye mlango wa sentimita 40 × 33 hiyo ni nguvu ya zaidi ya niutoni 2,000. Hakuna atakayeufungua. Weka tundu la kupumulia lenye kikausha unyevu, na pia vali ya kutoa hewa haraka iwapo kabini itapoteza shinikizo, la sivyo boksi litapasuka kuelekea nje.

Hatua ya 8: Akiba ya baridi

Umeme utakatika: wakati wa kuhamisha mzigo, au hitilafu. Mchanganyiko wa maji na chumvi ya mezani kwa asilimia 23.3 huyeyuka kwenye -21.1 na hubeba takriban kilojuli 235 kwa kilo. Kilo 2 kwenye mabamba yaliyofungwa, feni zikiwa zimezimwa na mzigo ukiwa wati 16, hushikilia takriban saa 8. Huganda ukiishusha hadi -24 au -25 pekee, na hutanuka, kwa hiyo acha nafasi. Mabamba yawe ya plastiki. Chumvi hula alumini.

Ukipima Mombasa au Dar es Salaam

Chumba cha nyuzi 30 chenye unyevu wa asilimia 80 si kabini. Joto la kuta litazidi kwa asilimia 13, na kila ufunguzi utaleta unyevu takriban mara mbili na nusu. Pima ndani ya chumba chenye kiyoyozi, andika joto na unyevu kila saa, kisha sahihisha. Matokeo ya mezani pasipo namba hizo mbili hayana thamani.

Matatizo na dawa zake

*Umeme unapanda polepole wiki hadi wiki.* Jalidi kwenye bamba baridi, au paneli ya ombwe imepoteza ombwe. Futa jalidi kwanza. Umeme usiposhuka, tafuta sehemu ya ukuta wa nje iliyo baridi kuliko jirani zake kwa nyuzi 2 au 3.

*Baridi inakuja na kupotea kila baada ya saa chache.* Unyevu kwenye saketi unaganda kwenye vali na kuyeyuka. Hakuna dawa ya haraka: toa gesi, badilisha kikaushio, vuta ombwe upya.

*Kompresa inagonga inapowashwa.* Kimiminika kimeingia. Kagua vali ya kufunga, refusha muda wa kuwasha.

*Kifurushi kimoja ni laini, vingine vigumu.* Ni upepo, si mtambo. Angalia kilichoziba njia kabla ya kugusa kirekebisha joto.

*Sensa inaonyesha -22 lakini chakula ni -15.* Sensa imebandikwa karibu na evapureta. Weka mbili: moja kwenye hewa inayorudi, nyingine ndani ya kifurushi cha majaribio chenye jeli, katikati ya mzigo.

*Ukuta wa nje una matone.* Uko chini ya nyuzi 11. Daraja la joto liko hapo, mara nyingi ni boliti ya chuma iliyopita mpaka ndani. Badilisha kwa boliti ya plastiki ngumu, kisha rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa namba mpya.